Mchungaji Ambaye Hakukimbia

SOMO LA JUMA
Andiko: Yohana 10:11–13, 2 Wakorintho 5:15

Yesu anatufundisha kwamba kuna mchungaji, na kuna mtu wa mshahara. Wakati wa majani mabichi huwezi kuwatofautisha. Mbwa mwitu akitokea ndipo utajua nani ni nani.

Wacha tumwangalie mtumishi mmoja wa nchi jirani, Ethiopia. Mchungaji Gudina Tumsa alizaliwa 1929 huko Boji, Wollega. Kuanzia 1966 alikuwa katibu mkuu wa kanisa la Mekane Yesus. Mwaka 1974 wanajeshi wa Derg walimpindua Mfalme Haile Selassie, wakaingiza ukomunisti. Makanisa mengi yalifungwa, na waumini wakasali majumbani kwa siri. Gudina hakukubali kanisa ligeuzwe kipaza sauti cha serikali.

Alikamatwa mara mbili. Alipoachiliwa mwaka 1979, njia ya kutoka nchini ilikuwa imeandaliwa, hata Rais Nyerere wa Tanzania akihusika. Gudina akakataa. Kwa nini? Alikuwa amewasihi wachungaji wenzake wasiwaache washirika wao. Sasa yeye angeondokaje?

Tarehe 28 Julai 1979, jijini Addis Ababa, alitekwa akitoka kanisani pamoja na mkewe, Tsehay Tolessa. Mkewe aliachwa njiani. Gudina aliuawa. Baadaye Tsehay naye alifungwa karibu miaka 10. Mwili wa mumewe ulipatikana 1992, baada ya serikali ile kuanguka.

Tunajifunza nini?

1. Kukimbia si dhambi kila mara. Paulo mwenyewe aliteremshwa ukutani ndani ya kapu (Matendo 9:25). Swali ni hili: nikiondoka, kondoo watabaki na nani?

2. Kabla hujawaambia wengine "simameni," simama wewe.

3. Mbegu ni lazima iingie udongoni (Yohana 12:24). Mkulima wa Kitale anajua: mahindi yaliyobaki kwa gunia hayazai. Mekane Yesus ilianza 1959 na watu kama 20,000. Leo ni zaidi ya milioni 10.

Ndugu yangu, hapa Kitale na Bungoma hakuna anayetujia na bunduki kwa sababu ya ibada. Mbwa mwitu wetu ni wengine. Ushirika wa nyumbani umebaki watu watano. Sadaka imepungua kwa sababu mahindi hayajauzwa. Maneno maneno yameingia kanisani. Hapo ndipo kiongozi huanza kusema, "Bwana ananiita kwingine." Pengine ni kweli. Lakini jiulize mbele za Mungu: nimeitwa, ama nimemwona mbwa mwitu?

Zoezi: Juma hili mtembelee mshirika mmoja ambaye hajaonekana siku nyingi. Usiende kumuuliza mbona haji. Nenda ukae naye.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe hukutuacha. Tupe moyo wa kubaki na wale uliotupa. Amina.