MOTOKAA “ILIYOKWISHA TENGENEZWA”

Watu wengi hujua kutazama rangi na magurudumu ya motokaa kuukuu, lakini kuna neno moja huwashinda, nalo ni hili: “Kasoro hiyo imekwisha tengenezwa.” Baba yangu mdogo, mkulima wa zabibu pale Hombolo, aliliamini. Alitoa fedha za mavuno ya misimu miwili akanunua gari dogo la mizigo. Mwenye kuuza alikiri mwenyewe kwamba gari lilikuwa likichemsha, akasema gasketi ya hedi imebadilishwa. Siku ya tatu, kabla hatujafika Ihumwa, mvuke ukatoka chini ya boneti, tukashusha makreti ya zabibu juani. Nyingi ziliharibika. Fundi alipofungua aliona gasketi haikuguswa kabisa. Themostati tu ndiyo iliyoondolewa.

Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kiasi cha digrii 80 hadi 90 katika magari mengi. Kikiondolewa, maji huzunguka tangu mwanzo, na gari lenye kasoro huweza kuzunguka mjini bila kuchemsha. Mnunuzi huridhika. Siku ya mzigo na kilima ndipo aonapo.

Basi nenda asubuhi, uguse boneti kwanza. Ikiwa ya moto, sema utarudi kesho, maana aliyeliwasha kabla yako ana sababu zake. Injini ikiwa baridi, wala si wakati mwingine, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yakiwa na kutu au utando wa oili, hiyo ni dalili mbaya. Na oili ya injini ikifanana na chai ya maziwa, agana naye. Kisha liwashwe, nawe uguse mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni. Themostati ikiwamo, mpira hukaa baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto ghafula. Ukipata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, yaelekea kilango hakimo.

Hapa somo la fizikia lina kazi. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani huchemka kwa digrii 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kifuniko cha rejeta hubana shinikizo ndani ili maji yapite digrii 100 bila kuchemka. Kikilegea, gari huchemsha mapema zaidi huku kwetu kuliko pwani. Kemia nayo imo: mafundi wengine wana kichupa cha dawa ya buluu, hupitisha humo hewa itokayo katika rejeta. Gesi ya kaboni dioksidi ikiwa imepenya kutoka katika silinda, buluu hugeuka manjano. Ni ndugu ya maji yetu ya chokaa katika maabara.

Tazama pia taa za dashibodi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameizima asitake uione.

Tena gasketi hununuliwa dukani. Omba risiti ya mashine ya TRA. Mashine hizo zilianza kutumika mwaka 2010, na risiti zake zina namba ya kuhakiki. Linganisha tarehe na maneno yake. Mafundi wengi hufanya kazi chini ya mti bila mashine, nami siwalaumu. Basi uliza jina la fundi, uende kwake bila mwenye gari.

Usikague nusu nusu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimkingi mnunuzi aliyekagua mali kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipasa kuzionyesha, hata anunue kwa mfanyabiashara wa magari.

Likizo iliyopita baba mdogo alipata gari jingine, akanichukua. Boneti ilikuwa ya moto. Tuliporudi kesho yake ilikuwa ya moto tena, na mwenyewe akatuambia sisi watoto wa shule tunasumbua watu. Baba mdogo alimshukuru kwa heshima, tukarudi Hombolo kwa basi.