Ozoni ya Karibu na Ardhi: Kwa Nini Hupotea Kwenye Ncha za Dunia na Si Kibo

Malengo ya somo
Baada ya somo hili uweze:
(a) kueleza jinsi ozoni ya karibu na ardhi inavyopotea kwenye ncha za dunia;
(b) kuitofautisha hali hiyo na tundu la ozoni;
(c) kueleza kwa nini barafu ya Mlima Kilimanjaro haisababishi hali hiyo.

Swali la mfano
"Kilele cha Kibo kina barafu kama ilivyo Aktiki. Je, barafu hiyo huweza kuondoa ozoni ya karibu na ardhi kama inavyotokea Aktiki? Toa sababu tatu." (Alama 6)

Usikimbilie kujibu. Watahiniwa wengi wakiona "barafu" na "ozoni" katika swali moja, huandika kila wanachokumbuka kuhusu majokofu na CFC. Soma kwanza hatua zifuatazo.

1. Ozoni mbili, kazi mbili
Ozoni (O₃) ni gesi ambayo molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni. Karibu asilimia 90 ya ozoni yote ipo katika stratosfia, hasa kati ya kilometa 15 na 35 juu ya ardhi. Huko hutukinga na mionzi ya urujuanimno inayotoka kwenye jua.

Iliyobaki ipo katika troposfia, tabaka la hewa tunayoivuta. Sehemu ya ozoni hii hutengenezwa pale jua linapopiga gesi zitokanazo na moshi wa magari na uchomaji wa mashamba. Ikizidi hudhuru mapafu na mimea. Maharage, ambayo wakulima wengi wa Moshi huyapanda pamoja na mahindi, ni kati ya mazao yanayodhurika nayo kwa urahisi.

2. Inavyopotea kwenye ncha za dunia
Kwa kawaida hewa ya Aktiki huwa na ozoni kiasi cha sehemu 30 hadi 40 kwa kila sehemu bilioni moja za hewa. Katika majira ya machipuko kiasi hicho huweza kushuka hadi karibu na sifuri kwa siku chache tu, au hata saa chache. Wanasayansi waliligundua jambo hili katika miaka ya 1980. Fuata mpangilio huu:

(i) Maji ya bahari huganda, na chumvi hubaki juu ya barafu na katika theluji. Chumvi hiyo ina bromini.
(ii) Jua huchomoza tena baada ya usiku wa majira ya baridi. Mwanga wake husaidia bromini kutoka kwenye chumvi na kuingia hewani.
(iii) Atomu ya bromini huinyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni:
Br + O₃ → BrO + O₂
(iv) BrO mbili zikikutana, bromini hupatikana tena:
BrO + BrO → 2Br + O₂

Hatua ya (iv) ndiyo yenye uzito. Bromini haimaliziki, hurudi kushambulia ozoni nyingine. Bromini hiyohiyo hubadilisha zebaki iliyo hewani ikaanguka juu ya theluji, na baadaye zebaki huweza kuingia kwa samaki na kwa watu wanaowala. Hayo ndiyo madhara ya kutaja ukiulizwa.

3. Usichanganye na tundu la ozoni
Tundu la ozoni hutokea juu, katika stratosfia ya Antaktika, hasa Septemba hadi Novemba. Mharibifu mkuu ni klorini kutoka kwenye gesi za CFC zilizotengenezwa na binadamu. Tundu hilo lilitangazwa na wanasayansi mwaka 1985, na Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo ilipitishwa mwaka 1987. Tofauti ya kukumbuka: chini ni bromini ya chumvi ya bahari, juu ni klorini ya viwandani.

4. Jibu la swali la mfano
Hapana. Sababu ni hizi:
(i) Barafu ya Kibo imetokana na theluji iliyoanguka kutoka angani, si maji ya bahari yaliyoganda. Haina chumvi nyingi ya kutoa bromini.
(ii) Kibo kipo takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza kila siku, kwa hiyo hakuna usiku wa miezi unaofuatwa na machipuko.
(iii) Aktiki, hewa baridi hutulia juu ya barafu, nayo hewa yenye joto kidogo huifunika kama kifuniko. Kibo kina mita 5,895 na hupigwa na upepo, hivyo hewa yake hubadilishwa mara kwa mara.

5. Basi barafu ya Kibo inapungua kwa nini?
Mwaka 1912 barafu ilifunika kilometa za mraba 11.40. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Sababu zake ni mabadiliko ya tabianchi: hewa ya kileleni imekuwa kavu, theluji mpya ni haba, na jua hugeuza barafu kuwa mvuke hata kabla haijawa maji. Ukiandika kwamba tundu la ozoni ndilo lililoyeyusha barafu hiyo, utapoteza alama.

Kosa hilo lina hasara hata nje ya chumba cha mtihani. Anayekosea chanzo hukosea na tiba. Maji mengi ya mito inayoteremka kuelekea Moshi hutokana na mvua ya ukanda wa msitu, si barafu. Kwa hiyo anayetaka kulinda maji hayo aanze kwa kuukinga msitu na moto na ukataji ovyo wa miti.

Mazoezi
1. Kwa nini bromini kidogo huweza kuharibu ozoni nyingi? (Alama 2)
2. Taja tofauti tatu kati ya upotevu wa ozoni ya chini na tundu la ozoni. (Alama 6)
3. Kokotoa asilimia ya barafu ya Kibo iliyopotea kati ya 1912 na 2011. (Alama 3)

Jibu la swali la 3: (11.40 − 1.76) ÷ 11.40 × 100 = 84.6, yaani karibu asilimia 85.