SOMO LA MAZINGIRA: NUKTA SI MPAKA
Namna ya kuchora ramani ya mahali palipoungua



Sisi watu wa Suji tunaujua moto. Kiangazi kikikolea, nyasi hukauka kama karatasi. Mtu huchoma takataka za shamba, upepo unageuka, na moto unapanda mlima. Tunapiga mayowe, tunakata matawi, tunakwenda kuuzima.

Moto ukishazimika, ubishi huanza. Huyu anasema zimeungua ekari 10. Yule anasema ekari 100. Je, moto umeingia msituni? Je, umefika kwenye chemchemi inayojaza ndiva yetu? Maswali haya si ya kupotezea wakati. Mlima ukiungua hauna majani ya kushika udongo. Mvua ikinyesha, matope hushuka kwenye mifongo na ndiva, na wa chini hukosa maji. Kwa hiyo ni lazima tujue moto umefika wapi hasa.

Jicho la angani

Siku hizi kuna vyombo vinavyozunguka dunia vikipiga picha. Vinaitwa setilaiti. Picha nyingi hutolewa bure kwenye intaneti. Shirika la Marekani liitwalo NASA lina ramani ya mioto ya dunia nzima, nayo huitwa FIRMS. Setilaiti ikiona joto kali, ramani huweka nukta nyekundu.

Lakini tuwe waangalifu. Moja ya vyombo vinavyotumika huigawa nchi katika visanduku vya mita 375 kwa mita 375. Tuzidishe:

375 x 375 = mita za mraba 140,625

Hiyo ni kama hekta 14, yaani karibu ekari 35. Moto unaweza kuwa kwenye kona moja tu ya kisanduku, lakini nukta huwekwa katikati. Basi mtu akikuonyesha nukta kwenye simu akasema, "Shamba lako ndilo lililowaka," mwambie angoje kidogo. Nukta inasema kuna joto karibu na hapo. Haionyeshi mpaka. Wala haisemi nani aliwasha.

Picha mbili

Ili kupata mpaka, tunahitaji picha mbili: moja ya kabla ya moto na moja ya baada ya moto. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 kwa kawaida hupita kila baada ya siku 5. Zinapima pia mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Majani mabichi hurudisha mwanga huo kwa wingi. Mahali palipoungua haparudishi hivyo. Tukilinganisha picha hizo mbili, palipoungua hujitokeza kama kiraka.

Visanduku vinavyotumika sana kwa kazi hii ni vya mita 20 kwa mita 20. Kimoja ni mita za mraba 400. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Basi visanduku 25 ni hekta moja.

Jirani yetu Kilimanjaro ni mfano mzuri. Moto ulianza kule tarehe 11 Oktoba 2020 ukawaka siku nyingi. Setilaiti ziliupiga picha. Baadaye TANAPA ilitangaza kwamba zimeungua kilomita za mraba 95.5. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, basi hizo ni hekta 9,550. Eneo kama hilo huwezi kulikisia kwa macho ukiwa umesimama chini ya mlima.

Miguu yetu

Hata hivyo, setilaiti ina upungufu. Milima yetu hufunikwa na mawingu, na wingu huzuia picha. Moto mdogo unaopita chini ya miti mikubwa nao huweza kujificha. Kwa hiyo ni lazima tutembee. Tufanye hivi:

1. Tungoje moto upoe kabisa. Visiki huendelea kuwaka chini kwa chini.
2. Twende watu watatu au zaidi: kiongozi wa kitongoji, mzee ajuaye majina ya mahali, na kijana mwenye simu inayoonyesha mahali ilipo.
3. Tufuate ukingo wa palipoungua. Kila baada ya hatua 50, kijana aweke alama.
4. Mzee ataje jina la kila kijito, mwamba na njia. Tuandike kwenye daftari.
5. Tulinganishe alama zetu na picha ya angani. Zikitofautiana, turudi mahali pale tukaangalie.
6. Ramani isomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Ramani hiyo itatuonyesha pa kuanzia msaragambo wa kupanda miti: juu ya chemchemi kwanza. Mwaka ujao tutaichukua tena tuone kama nyasi na miti imerudi. Anayejua kusoma na kuandika sasa ana kazi ya kufanya hapa. Jicho la angani halijui jina la kijito hata kimoja cha Suji. Sisi tunayajua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nukta nyekundu haitoshi kumlaumu mtu?
2. Katika kitongoji chenu, ni chemchemi zipi ziko karibu na mahali panapoungua mara kwa mara?
3. Picha inaonyesha visanduku 75 vya mita 20 vilivyoungua. Ni hekta ngapi?

(Jibu la swali la 3: 75 ÷ 25 = hekta 3, yaani kama ekari saba na nusu.)