Sufuri Nayo Huandikwa: Kupima Mvua Nyuma ya Nyumba

Katika jiografia sote tumekariri majira manne ya Ulaya, na kiangazi chao chenye mchana mrefu. Sisi wa Runyenjes tunakaa karibu kabisa na Ikweta. Mchana wetu wa Januari ni saa kumi na mbili hivi, na wa Julai ni zile zile. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua. Januari hadi katikati ya Machi ni kiangazi. Jua likishavuka Ikweta mnamo Machi 21, pepo za kaskazini mashariki na za kusini mashariki hukutana juu yetu, hewa hupanda, na masika huwa yameingia mpaka Mei. Halafu baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo mtu akitaka kuijua hali ya hewa ya kwetu, kipimajoto peke yake hakitamfikisha mbali. Aanze na kipimamvua.

Changu kiko nyuma ya jikoni, lakini si karibu na jikoni. Kanuni ni kwamba chombo kikae mbali na nyumba au mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho, la sivyo mkadamia wa jirani utakunywa mvua yako. Mdomo wake uwe sentimita 30 hivi kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Nimetumia faneli ya plastiki juu ya chupa, vyote ndani ya debe lililofukiwa nusu ili kuku wasiangushe. Faneli ina kazi mbili: kukusanya maji, na kuyazuia yasikaushwe na jua kabla sijafika.

Sasa hesabu. Wengi huuliza, kwani mvua hupimwaje kwa milimita badala ya lita? Mm 1 ya mvua ni maji yenye kina cha mm 1 juu ya ardhi tambarare, yaani lita 1 kwa kila mita mraba. Mdomo wa faneli yangu una kipenyo cha sm 15, kwa hiyo eneo lake ni kama sm 177 za mraba. Nikimimina maji katika silinda ya kupimia, mililita 177 ni sawa na mm 10. Upana wa chupa hauhusiki hata kidogo. Kinachohesabiwa ni mdomo unaopokea. Vipimamvua vingi rasmi hapa Kenya vina mdomo wa mm 127, na mtu wa faneli ndogo na wa faneli kubwa wote watapata jibu moja wakipiga hesabu vizuri. Na usidharau hizo milimita: mm 20 zikianguka juu ya paa la mabati la mita mraba 60 ni lita 1200, madramu sita ya lita 200.

Vituo rasmi husoma mvua saa tatu asubuhi. Saa tatu mimi niko darasani, kwa hivyo nasoma saa kumi na mbili na nusu. Si vibaya, mradi iwe saa ile ile kila siku, Jumapili na Krismasi pia.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi huchoka. Kiangazi kizima unaamka, unaenda nyuma ya jikoni, chupa ni kavu. Unaandika 0. Kesho 0. Keshokutwa 0. Dada yangu mdogo aliniuliza kwa nini nahangaika kuandika kitu ambacho hakipo. Lakini angalia: ukurasa mtupu hausemi kama mvua haikunyesha au mpimaji alilala. Sufuri husema mtu alikwenda, akaangalia, hakukuwa na maji. Ndiyo maana nilipokuwa safarini na timu ya mpira na nyumbani hapakuwa na wa kupima, siku hizo mbili zilipata alama ya mstari, si sufuri. Maji niliyoyakuta siku ya tatu niliyaandika kama jumla ya siku tatu. Kuyagawanya kwa tatu kungekuwa kutunga hadithi. Na asubuhi zenye tone moja tu la umande, naandika "dalili".

Faida ya sufuri hizo niliiona Machi. Jioni moja mvua ilipiga mabati kwa kishindo, hata hatukusikia redio. Asubuhi majembe yakatoka kijiji kizima, na jirani yetu akapanda mahindi robo ekari. Baba naye alikuwa ameshaleta pakiti ya mbegu mezani. Nilikuwa nimepima mililita 60, yaani mm 3.4. Nilichimba kwa panga; udongo mwekundu ulikuwa umelowa pingili moja ya kidole, chini yake vumbi.

Nyanya, ambaye huniita mume wake kwa kuwa nilirithi jina la babu, aliangalia mlima kisha akasema, "Mume wangu, hii ni ya kutuliza vumbi. Mwambie mwanangu asimwage mbegu."

"Cucu, chupa pia inasema hivyo," nikamjibu.

Baba alinyamaza, akairudisha pakiti kabatini. Zilifuata sufuri sita. Halafu usiku mmoja mm 7, na usiku uliofuata mm 17. Wataalamu wengi wa kilimo huhesabu mwanzo wa mvua ya kupanda kuwa mm 20 hivi ndani ya siku moja au mbili, bila ukavu mrefu baadaye. Tulipanda asubuhi ile. Jirani alinunua mbegu mara ya pili, na bei ya mbegu mnaijua.

Nisieleweke vibaya. Kipimamvua hakitabiri chochote. Ukavu wa baadaye ungeweza kuja hata baada ya mm 24, na nyanya alijua lake bila chupa. Utabiri ni wa Idara ya Hali ya Hewa, nao hututia pamoja na Meru, Nyeri, Kiambu, hata Nairobi, katika nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa. Hebu panda matatu toka Kianjokoma kwenye majani chai, upite kwetu kwenye kahawa, ushuke Ishiara kwenye mtama na mbuzi, uone kama hiyo ni mvua moja! Wazee nao hubishana kama mvua ya El Nino ya 1997 iliizidi ile ya 2024, na kila mmoja ana ushahidi wa daraja lake. Boma lenye kijitabu lingemaliza ubishi huo kwa dakika moja.

Kijitabu changu kiko katika kabati la chama. Ninamtafuta mtu wa Karurumo na mwingine wa Kathageri wa kupima nami kuanzia vuli ijayo. Faneli iwe na mdomo wa mviringo usiopinda, na upime kipenyo chake wewe mwenyewe kwa rula.