Misa Takatifu Mahali pa Mapumziko

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, familia nyingi hufunga safari. Wengine huenda kuwaamkia babu na bibi. Wengine, waliojaliwa akiba kidogo, huenda kupumzika penye nyumba za wageni, ufukoni au mbugani. Tuseme baba mmoja wa Ilomba, mjini Mbeya, amemchukua mama na watoto kwenda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Wamepita Tukuyu na Kyela, wakafika Jumamosi usiku wamechoka. Kulipokucha, mtoto mdogo anauliza: "Baba, leo hatuendi Misa?" Baba ajibu nini? Hilo ndilo somo letu la juma hili.

Kwanza tuseme wazi kwamba kupumzika si kosa. Mitume waliporudi kutoka kuhubiri, Bwana Yesu mwenyewe aliwaalika waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Habari hiyo twaisoma katika Injili ya Marko, sura ya 6. Lakini tusikomee hapo. Waliposhuka chomboni walikuta umati wa watu, naye Bwana akawahurumia, akawafundisha mambo mengi, kisha akawalisha wakiwa wameketi majanini. Basi mahali pa mapumziko pakawa mahali pa neno na mkate. Mkristo anayepumzika hajaondoka machoni pa Mungu.

Pili, amri ya Kanisa haifungwi pamoja na shule. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, yatudai kushiriki Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa. Lakini Kanisa ni mama, nalo limeturahisishia njia. Kanuni ya 1248 yasema kwamba anatimiza wajibu wake anayeshiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa ibada ya Kikatoliki, ama siku yenyewe, ama jioni ya siku iliyotangulia. Wazee wetu walifunga tangu usiku wa manane kabla ya kupokea Komunyo. Sisi leo twadaiwa saa moja tu. Kwa hiyo, baba yetu wa Ilomba angaliweza kuondoka mapema akahudhuria Misa ya Jumamosi jioni njiani, au angaliuliza kabla ya safari kigango kilicho karibu kina Misa saa ngapi. Aulizaye bei ya chumba hashindwi kuuliza saa ya Misa. Na mwenye sababu ya haki amwendee paroko wake kabla ya kuondoka, maana kanuni ya 1245 yampa paroko uwezo wa kumwondolea wajibu huo au kumbadilishia kwa tendo jingine la ibada.

Je, padre aweza kusoma Misa penye nyumba ya wageni? Twajibu: yaweza kuwa, lakini si kwa kupenda starehe. Kanuni ya 932 yaagiza Misa iadhimishwe mahali patakatifu, isipokuwa haja idai vingine. Na hapo pawe mahali pa heshima. Meza ifaayo yaweza kutumika, mradi iwe na kitambaa cha altare na korporali. Tukumbuke kwamba Karamu ya Mwisho yenyewe ilifanyika katika chumba cha wageni, lakini wanafunzi walitangulia kukitayarisha. Mwaka 2004 Kanisa lilionya katika maagizo yake juu ya Ekaristi kwamba Misa isichanganywe na chakula cha kawaida, wala isisomwe katika chumba cha kulia ila kwa haja kubwa, na hapo pawe na muda wa kutosha kati ya Misa na chakula. Basi si halali kuifanya Misa kuwa kipande cha karamu ya Noeli, kati ya supu na muziki. Naye padre aliye likizoni asifungue sanduku lake akaanza. Hana budi kuonana kwanza na paroko wa mahali, akiwa na barua yake ya utambulisho.

Iko sababu nyingine inayotugusa zaidi. Katika nyumba hizo wapo wapishi, wafua nguo, walinzi na wahudumu. Sikukuu yetu ndiyo siku yao ya kazi nyingi kuliko zote. Wageni wakipata Misa ukumbini, na mhudumu Mkatoliki akazuiwa jikoni akikaanga mayai yao, tumemheshimu nani? Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1998 juu ya Siku ya Bwana, aliwahimiza waamini walio safarini wahudhurie Misa popote walipo, akazitaka jumuiya za mahali ziwapokee kwa ukarimu. Hatuoni jinsi ukarimu huo unavyoweza kuwa wa upande mmoja. Kwa hiyo twashauri hivi: penye kanisa karibu, wageni waende kanisani, wasali pamoja na wenyeji na kutoa sadaka zao huko. Pasipo kanisa karibu, na padre akipatikana kwa ruhusa, Misa iwe alfajiri, mlango uwe wazi kwa wafanyakazi na wanakijiji, na mwajiri aombwe kupanga zamu ili kila mmoja apate nafasi.

Huko Matema utakuta pia ndugu zetu Walutheri, ambao wana hospitali na kituo cha kupokea wageni. Mkatoliki akilala kwao, asidharau sala zao. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya umoja wa Wakristo mwaka 1964, twahimizwa kuomba pamoja nao. Lakini tuwafundishe watoto kwamba ibada hiyo haishiki nafasi ya Misa, wala hatupokei Komunyo huko. Kusema hivyo kwa upole si kuwatukana wenyeji wetu.

Na pasipo padre kabisa? Kanuni ile ile ya 1248 yatushauri kushiriki Ibada ya Neno palipo na ibada hiyo, au kukaa katika sala kwa muda ufaao, kila mtu peke yake, au familia, au familia kadhaa pamoja. Basi kabla ya kuingia majini, baba afungue Misale ya Waumini, mama asome somo, watoto wajibu zaburi na kuwaombea wagonjwa waliobaki nyumbani. Kisha wasali rozari. Robo tatu ya saa yatosha, na ziwa halitakauka.

Enyi wazazi, mtoto hujifunza dini kwa macho kuliko kwa masikio. Akiona kwamba Mungu huachwa nyumbani pamoja na daftari za shule, atajua kwamba Mungu ni wa siku za kazi tu. Naye akiwa mkubwa, atakuwa na likizo ndefu. Basi mnapofunga mizigo, tieni na Misale humo. Mtoto akiuliza Dominika asubuhi, jibu liwe tayari. Mungu abariki safari zenu.