Maji ya Barabara ni ya Nani?

Barabara njema ni mali. Maziwa hufika mjini kabla hayajaharibika, mgonjwa hufika hospitali mapema, na lori la mbolea halikwami njiani. Kwa sababu hiyo, kila baraza likutanapo, kutoka Ndabibi na Maiella mpaka mashamba yaliyo chini ya vilima vya Olkaria, jambo la kwanza kuombwa ni barabara. Hapana ubaya kuomba. Lakini yafaa kila mkulima afahamu ya kwamba barabara huja na mgeni wake, naye ni maji. Mgeni huyu asipotengewa mahali pa kulala, atalala shambani mwako, na asubuhi ataondoka na udongo wako.

1. Kwa nini barabara huleta maji mengi

Shamba lililolimwa vizuri hunywa mvua. Barabara hainywi. Imeshindiliwa na greda na magurudumu ya malori, hata ile isiyotiwa lami huwa ngumu kama sakafu. Basi na tufanye hesabu kidogo.

Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huwa lita 1 ya maji. Chukua barabara yenye upana wa mita 5, na kipande cha mita 200 kutoka tundu moja la kutolea maji mpaka la pili. Eneo lake ni mara 5 kwa 200, yaani mita 1,000 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 30 jioni moja, zimeanguka lita 30,000 juu ya kipande hicho. Tuseme nusu yake imepotea njiani. Zimebaki lita 15,000, ndiyo mapipa 75 ya lita 200. Mapipa hayo yote humwagwa mahali pamoja, kwa muda mfupi, katika shamba la mtu mmoja.

Tena hatujahesabu maji yanayoteremka kutoka mlimani. Zamani yalipita mahali pengi, kila mahali kidogo. Sasa barabara imeyakinga kama ukuta, nayo huingia katika mtaro ule ule.

2. Wataalamu wamepima nini

Jambo hili si maneno ya kukisia tu. Huko Tigray, kaskazini ya Ethiopia, barabara ya kutoka Mekele kwenda Adwa ilijengwa mwaka 1993 na 1994. Mtaalamu Jan Nyssen na wenzake walichunguza kipande cha kilomita 6.5 cha barabara hiyo, wakatoa matokeo yao mwaka 2002. Waliona makorongo mapya 9 yaliyoanza mara tu chini ya barabara, na mengine 7 yaliyo mbali kidogo, mita 100 mpaka 500 kuteremka. Yote yalitokea baada ya barabara kujengwa.

Sababu walizozieleza ni hizi: barabara hukusanya maji yaliyokuwa yametawanyika, huyahamisha kutoka bonde lake na kuyatia bonde jingine, na hivyo huongeza ukubwa wa eneo linalomwaga maji mahali pamoja. Hapa Kenya pia, mwaka huo huo wa 2002, Jungerius, Matundura na van de Ancker waliandika juu ya ujenzi wa barabara na makorongo katika Pokot Magharibi.

Liko neno moja katika habari ya Tigray ambalo mkulima asilisahau. Barabara yenyewe haikuharibika sana. Hasara kubwa ilikuwa katika ardhi iliyo chini yake. Maana yake ni kwamba fundi wa barabara anaweza kukagua kazi yake, akaiona njema kabisa, akaenda zake. Wa kutazama upande wa chini ni wewe mwenye shamba.

3. Udongo wetu ni mwepesi

Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni majivu na mawe mepesi yaliyotoka katika milima ya moto, kama Longonot, Suswa na Olkaria yenyewe. Udongo huu hulimika kwa urahisi, lakini pia huchukuliwa na maji kwa urahisi. Korongo kubwa la Njorowa, ambalo watalii huja kulitazama katika Hell's Gate, lilichongwa na maji ya ziwa la kale la Naivasha yalipofurika kuelekea kusini.

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa, na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Wako waliosema Afrika imegawanyika siku ile. Wataalamu wengi wa miamba walieleza ya kwamba maji ya mvua yaliosha majivu yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani chini ya ardhi, kisha udongo wa juu ukatumbukia.

Usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 29 Aprili 2024, jambo zito zaidi lilitokea juu ya Mai Mahiu. Maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa maana tundu la kuyapitisha chini ya reli lilizibwa na matope, mawe na miti. Tuta likashindwa, na maji yakaviteremkia vijiji watu wakiwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Basi tusidhani ya kwamba kusafisha kalvati ni kazi ndogo ya watu wasio na kazi. Tundu lililozibwa hugeuza njia kuwa bwawa, na bwawa lisilojengwa kuwa bwawa halina kuta za kuaminika.

4. Mambo ya kufanya

(a) Gawanyeni maji mapema. Rudia hesabu yetu. Matundu ya kutolea maji yakiwekwa kila mita 50 badala ya kila mita 200, yale mapipa 75 yatagawanyika, kila tundu litoe mapipa 19 hivi. Maji hayo shamba laweza kuyanywa. Penye mteremko mkali matundu yawe karibu zaidi.

(b) Yapokeeni kwa matuta. Wakulima wengi wa Makueni na Kitui huyaelekeza maji ya barabara katika matuta ya fanya juu na katika mabwawa madogo. Pima mstari wa usawa kwa kamba na pimamaji, chimba mtaro kufuata mstari huo, na udongo utupwe upande wa juu. Panda nyasi za makarikari au nepia juu ya tuta, upate na chakula cha ng'ombe.

(c) Mahali maji yanapotokea, panga mawe na kupanda nyasi ili nguvu yake ivunjike. Usilime mpaka mdomoni mwa kalvati.

(d) Korongo likianza, litibu lingali dogo. Anzia juu, pale linapokula ardhi. Weka vizuizi vya mawe au vya vigingi na matawi ya leleshwa, visizidi goti kwa kimo, na katikati viwe chini kuliko pembeni, maji yasije yakazunguka. Katani ikipandwa kandokando husaidia sana.

(e) Mahali ambapo ardhi imewahi kutitia au kupasuka, msichimbe bwawa wala kuelekeza maji huko. Kwingineko, bwawa katika udongo wa majivu litavuja lisipotandikwa karatasi nzito ya plastiki. Lizungushiwe ua, watoto wasitumbukie.

(f) Maji ya barabara yana mafuta ya magari na samadi. Yanafaa miti, nyasi na mahindi. Si ya kunywa, wala si ya mboga zinazoliwa mbichi.

5. Nani aulizwe

Mtu asichimbe mtaro katika hifadhi ya barabara bila ruhusa, wala asimwelekezee jirani yake maji kwa siri usiku. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwanza wenye mashamba ya juu na ya chini wakutane mbele ya chifu au wazee, wapatane njia ya maji. Kisha wapeleke neno kwa wenye barabara: barabara kuu ni za KeNHA, baadhi ya zile za mashambani ni za KeRRA, na nyingine ni za serikali ya kaunti. Afisa wa kilimo atasaidia kupima matuta.

Na barabara mpya ikikusudiwa, msingoje greda. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka madhara ya barabara kubwa yachunguzwe kabla ya kazi kuanza, na wananchi waulizwe maoni yao. Siku hiyo wengi husimama na kusema, "Tunashukuru kwa barabara." Ni vema. Lakini asimame na mmoja aulize, "Maji yake yatatokea wapi, na chini yake ni shamba la nani?" Swali hilo siku ile halina gharama. Likiulizwa baada ya korongo kufunguka, jibu lake litakuwa mawe, vigingi na miaka mingi ya kazi.

Maswali ya kujipima

1. Pima kwa hatua barabara inayopita karibu na shamba lako, kutoka tundu moja mpaka la pili. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, na nusu yake ikipotea, ni mapipa mangapi yatakayotoka?

2. Tembea mita 500 kuteremka kutoka kalvati iliyo karibu nawe. Je, kuna korongo ambalo halikuwapo kabla ya barabara? Ni shamba la nani?

3. Kalvati hiyo ilisafishwa lini mara ya mwisho? Kama hakuna akumbukaye, kazi ya Jumamosi ijayo, kabla ya mvua ya masika, imekwisha kujulikana.