Rangi ya Kiini cha Yai: Chachu Nyekundu na Majani ya Shambani

Mfugaji wa Meru, ukiuza mayai Arusha, na mnunuzi akapasua yai nyumbani kwake akakuta kiini kimepauka, huenda asirudi kwako. Basi yafaa ujue asili ya rangi ya kiini.

Kuku hawezi kujitengenezea rangi hiyo. Huipata katika chakula. Ndivyo walivyo heroe wa maziwa ya Momella: hula vijimea vya majini vyenye rangi, na manyoya yao huwa ya waridi.

Chachu ni viumbe vidogo mno. Hamira ya mkate ni mojawapo. Chachu nyingine hujitengenezea rangi zenyewe. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Herman Phaff na wenzake walipata chachu nyekundu katika utomvu wa miti ya Japani na Alaska. Rangi yake huitwa astazanthini. Viwandani chachu hiyo hukuzwa katika mapipa ya maji yenye sukari, ikauzwa kwa wafugaji wa samaki aina ya salmoni, ili nyama yao iwe nyekundu. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa hutia rangi kiini cha yai pia, lakini sharti ngozi yake ngumu ivunjwe kwanza. Isipovunjwa, kuku hafaidiki nayo.

Wewe huna haja ya kiwanda. Fanya hivi:

1. Wape kuku majani mabichi kila siku, kama mchicha na majani ya viazi vitamu. Yafunge mafungu, uyaning'inize wayadonoe yakiwa safi. Baadhi ya rangi yake hugeuka vitamini A mwilini mwa kuku.

2. Yakipatikana mahindi ya njano, changanya katika chakula chao. Mahindi meupe na pumba zake hayatii rangi.

3. Ngoja siku kumi hivi, maana ndizo siku ambazo kiini hukua upesi kabla ya yai kutagwa. Kisha pasua yai moja ulitazame.

ANGALIA: Utando mwekundu uotao katika chombo kichafu usidhaniwe kuwa ndiyo chachu ile. Uoshe, usiwape kuku. Wala usiwape nafaka yenye ukungu, kwani yaweza kuwa na sumukuvu, iwadhuruyo kuku na watu pia.

Rangi njema huanzia katika chakula safi.